Umenyimwa viza ya matembezi: uombe tena haraka, usubiri korosho zilipwe, au ukate rufaa?

Barua ya kumnyima mama viza ya Uingereza, alikotaka kwenda kumwona mjukuu, mtoto wa mdogo wangu, ilikuja Septemba, na jioni ileile nyumba yetu ya Chikongola, Mtwara, ilikuwa na kambi tatu. Kaka mkubwa alitaka tuombe tena kesho yake. Mjomba, ambaye aliwahi kuwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akasema hakuna kuomba kitu mpaka korosho zilipwe. Shemeji alikuwa na namba ya wakili hukohuko Uingereza. Mama mwenyewe alikuwa uani anakuna nazi, akasema tu, "Na nguo za mjukuu nimeshanunua."

Tangu siku hiyo nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa, wa Mtwara na wa Lindi, kujaza maombi yao ya pili. Nina kompyuta na printa dukani, kwa hiyo watu huja. Njia zote tatu nimeziona zikitumika, na kila moja nimeiona ikifaa mahali fulani na kula hela bure mahali pengine. Hapa naziweka ubavu kwa ubavu, kwa Uingereza na kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Marekani siigusi. Tangu mwishoni mwa 2025 Watanzania wamewekewa masharti mapya huko, ikiwemo dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza za matembezi, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Barua na visanduku

Kabla ya kuchagua njia, soma karatasi uliyopewa. Najua inauma, na wengi hawaisomi zaidi ya mstari wa kwanza. Lakini jibu la "nifanye nini" limo humo.

Uingereza hukuandikia maelezo. Ofisa anataja ulichojaza kwenye fomu, anataja alichokiona kwenye taarifa yako ya benki, kisha anasema kwa nini hakuridhika. Mwishoni anataja vifungu vya kanuni za wageni, mara nyingi V 4.2 na herufi zake: haamini kwamba utaondoka muda ukiisha, au haamini kwamba safari ni ya hicho ulichokitaja, au haoni fedha za kukutosha. Barua ya mama ilikuwa na sentensi moja iliyobeba yote. Akaunti yake ilikuwa na salio dogo miezi mitano mfululizo, halafu ghafla zikaingia milioni 6, na chanzo chake hakikuelezwa.

Hizo milioni 6 tulichangishana sisi watoto. Tulidhani tunamsaidia.

Schengen hawaandiki hivyo. Nchi zote 29 zinatumia fomu moja ya kukataa, yenye orodha ya sababu na visanduku, na ofisa anatia tiki. Ukikuta tiki kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka juu ya nia yako ya kuondoka, mara nyingi hakuna anayekueleza shaka hiyo imetoka wapi. Inabidi uchukue nakala ya maombi yako, uisome kama mtu asiyekujua, asiyejua hata Lindi iko wapi, na utafute mwenyewe pengo. Ndiyo maana nawaambia watu wapige nakala ya kila karatasi kabla ya kuikabidhi. Anayekuja dukani bila nakala ananipa kazi ya kubahatisha.

Kuna tofauti nyingine ambayo vishoka huwadanganyia watu. Fomu ya Uingereza inakuuliza waziwazi kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, siyo Uingereza peke yake. Ulinyimwa na Ufaransa mwaka juzi? Unaandika ndiyo na kueleza. Fomu ya Schengen haikuulizi hivyo. Inauliza kama alama zako za vidole zilishachukuliwa. Lakini haihitaji kukuuliza, kwa sababu maombi yako na uamuzi wake vimo kwenye mfumo wao wa pamoja wa viza na vinakaa humo miaka 5. Mwenyeji wa Mikindani aliyeambiwa na kishoka atie "hapana" kwenye fomu ya Uingereza alifika kwangu akiwa tayari amelipa. Nilimwambia afute, aanze upya. Kunyimwa mara moja hakumfungii mtu mlango. Uongo ukigundulika, Uingereza wanaweza kukufungia miaka 10. Kwa taarifa ya benki ya kughushi ni vilevile.

Kuomba tena haraka

Uingereza hawana muda wa kusubiri: ukinyimwa leo unaweza kuomba kesho. Schengen nao hali kadhalika, na kanuni yao ya viza, ile ya mwaka 2009, inatamka kwamba kunyimwa zamani kusiwe sababu ya moja kwa moja ya kunyimwa tena. Kwa hiyo kisheria kaka yangu hakukosea.

Njia hii ilimfaa rafiki yangu, mwalimu wa sekondari Nachingwea. Aliomba kwenda kumtembelea dada yake katika nchi moja ya Schengen kwa wiki tatu za Oktoba, shule zikiwa wazi, bila barua ya ruhusa. Ukiwa ofisa utafikiri nini? Mwalimu anayeacha darasa wiki tatu katikati ya muhula ama hana kazi, ama hana mpango wa kuirudia. Akapata tiki mbili, ya sababu za safari na ya nia ya kuondoka. Ndani ya siku kumi alikuwa ameomba upya kwa safari ya Desemba, akiwa na barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri, hati za mshahara za miezi sita, na maelezo ya nusu ukurasa yanayokiri kwamba ombi la kwanza halikuwa na barua hiyo. Akapewa. Hakuna kilichobadilika katika maisha yake. Karatasi moja tu ilikuwa imesahaulika, pamoja na tarehe zilizochaguliwa ovyo.

Sasa yule wa Mikindani. Kabla ya mambo ya kishoka alikuwa ameomba mara tatu katika miezi minne, karatasi zilezile, barua ya mwaliko ileile, akibadilisha tarehe tu. Kila mara alilipa ada upya. Barua ya tatu ya kumkataa ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Swali ninalowauliza wanaotaka haraka ni hili: leo mkononi una karatasi gani ambayo ofisa hakuiona? Kama ipo na inajibu hasa kilichoandikwa kwenye barua, omba wiki hii. Kama huna, unanunua barua nyingine.

Kusubiri

Hapa mjomba alikuwa sahihi, na nitakaa kidogo, kwa sababu kwa watu wa kusini hii ndiyo sehemu isiyoelezwa mahali popote.

Akaunti ya mtu wa mshahara inapumua kila mwisho wa mwezi. Ya mkulima wa korosho inapumua mara moja kwa mwaka. Minada inaanza Oktoba, fedha zinaingia benki Novemba, Desemba, pengine Januari. Kufikia Machi imeshakuwa bati, ada za shule, deni la dukani na harusi ya mtoto wa shangazi. Watu wengi hupeleka taarifa ya benki ya miezi 6. Ukiichapisha Septemba, inaanzia Aprili, yaani unamwonyesha ofisa ule ukame tu. Una mikorosho mia mbili Newala, lakini kwenye karatasi huna kitu. Halafu watoto wanakuchangia milioni 6 kwa wema wao, na sasa unaonekana huna kitu na tena unaficha jambo.

Sisi wenyewe tunaliona jambo la kawaida kiasi kwamba hatukufikiria kuliandika. Ofisa anayesoma faili la mama hajui stakabadhi ghalani, ule mfumo wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ni nini. Hajui kwamba mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25 ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo na kwamba bei ya mwezi unaofuata ni habari nyingine. Hajui kwamba mwaka 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba kuna watu waliosubiri malipo yale muda mrefu. Usipomwambia, atajaza pengo mwenyewe.

Tulichofanya ni hiki. Tulisubiri msimu upite. Mama aliuza kilo 1,500, wastani wa shilingi 3,500, yaani 5,250,000 kabla ya makato, na fedha zikaingia kwenye akaunti yake kwa jina lake. Hatukuchangia hata senti kwenye akaunti ile. Februari tukachapisha taarifa ya miezi 15 badala ya 6, ili misimu miwili ionekane: inapanda, inashuka, inapanda tena. Ukiiona hivyo, milioni 5 za Novemba hazishtui mtu. Tukaambatanisha risiti za AMCOS za misimu hiyo na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza korosho zinavyouzwa kusini, kwa maneno mepesi, na tarehe za malipo zikilingana na mistari ya benki tuliyoipigia alama.

Kazi kubwa haikuwa hiyo. Risiti za nyuma zilikuwa kwa jina la marehemu baba, kwa sababu shamba lilikuwa lake na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. Hapo tukaanza safari: cheti cha kifo, mirathi mahakama ya mwanzo, barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja shamba na idadi ya mikorosho. Jina la mama nalo kwenye kitambulisho cha NIDA lilikuwa na herufi moja tofauti na la benki. Miezi minne ya kusubiri ilijaa. Nani angeyafanya hayo kwa wiki moja?

Halafu tafsiri. Risiti, barua ya kijiji, karatasi za mahakama, vyote ni Kiswahili. Uingereza wanataka kila karatasi isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri kamili yenye tarehe, jina, sahihi na mawasiliano ya mtafsiri, na maneno yake kwamba tafsiri ni sahihi. Kuziandika pembeni kwa kalamu, kama tulivyofanya mara ya kwanza, hakuhesabiki.

Tukabadilisha na ombi lenyewe. Mara ya kwanza tulijaza miezi 6, kwa kuwa tuliona ndiyo inayoruhusiwa. Mkulima wa miaka 61 anayeacha shamba nusu mwaka? Mara ya pili tuliomba wiki sita, katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei, na tukaandika sababu: Juni anapuliza salfa, asipokuwepo mikorosho inaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Hiyo ndiyo sababu ya kurudi niliyoiona inasimama vizuri zaidi kuliko barua zote za "nampenda mjukuu ila nitarudi". Viza ilitoka ndani ya wiki tatu, na kama kawaida ya Uingereza ilikuwa ya miezi 6 hata hivyo. Schengen hukupa siku unazoomba, na kidogo juu.

Sisemi kila atakayesubiri atapata. Kusubiri bila kurekebisha kitu ni sawa na kuomba haraka, ila unazeeka zaidi. Na kama tukio lina tarehe yake, harusi au mzazi anayeumwa, njia hii haikufai hata kidogo.

Rufaa

Shemeji alikuwa na nia njema, lakini kwa viza ya matembezi ya Uingereza njia hii karibu haipo. Hakuna rufaa ya kawaida, na ule uhakiki wa ndani wanaopewa waombaji wa viza nyingine wageni wa matembezi hawaupati. Kinachobaki ni mapitio ya mahakama hukohuko, ndani ya miezi mitatu, kwa wakili, na gharama yake inaweza kulipia maombi mapya mengi. Tulipopiga hesabu, hata shemeji alinyamaza.

Schengen ni kinyume: haki ya rufaa imeandikwa ndani ya kanuni yenyewe, na fomu ya kukataa inakueleza upeleke wapi. Ila kila nchi ina utaratibu wake. Uswidi wanakupa wiki tatu. Italia ni mahakama ya Rome, siku 60. Ujerumani zamani uliweza kuwaandikia ubalozi barua ya bure wakaangalia upya. Utaratibu huo waliufuta tangu tarehe 1 Julai 2025, sasa unabaki na mahakama ya Berlin au kuomba upya. Wengi wakisikia mahakama, tena kwa lugha ya watu, huishia hapo, na mara nyingi wako sahihi. Rufaa inachukua muda mrefu kuliko maombi mapya, na wakati unaisubiri safari uliyoiombea inapita.

Hata hivyo kuna mahali nisingeomba upya bila kupinga kwanza. Kama tiki imewekwa kwenye kisanduku cha karatasi bandia, au barua ya Uingereza inakutuhumu kwa udanganyifu, na wewe unajua karatasi ni halali, usikimbilie fomu mpya. Tuhuma hiyo itakaa kwenye faili na kukufuata katika kila ombi. Hapo tafuta barua ya benki au ya ofisi iliyotoa karatasi, yenye muhuri, ikithibitisha, na mtu wa sheria aiangalie. Vilevile kama ofisa amesema karatasi fulani haikuwepo, na risiti ya kituo cha kupokea maombi inaonyesha uliiwasilisha, rufaa ya Schengen ina maana.

Fedha, na safari ya Dar

Ada hazirudi, umepewa viza au umenyimwa. Uingereza walipandisha kutoka pauni 115 hadi 127 mwezi Aprili 2025. Kwa kubadilisha ni zaidi ya laki nne. Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 12 nusu yake, chini ya hapo bure, na juu yake kuna ada ya kituo. Schengen pia wanadai bima ya safari inayofikia euro 30,000, Uingereza hawadai. Upande wa mwenyeji, Uingereza wanatosheka na barua ya mwaliko pamoja na ushahidi wa kipato na makazi yake, wakati baadhi ya nchi za Schengen zinataka hati rasmi kutoka ofisi ya mji anakoishi. Kuipata hati hiyo kunaweza kuchukua wiki, na anayeihangaikia ni mwenyeji, siyo wewe.

Kabla ya yote hayo, fikirieni na njia ya nne ambayo kwetu aliitaja mama mwenyewe: mjukuu aje. Mdogo wangu ana pasi ya Tanzania, haombi kitu. Mtoto mwenye pasi ya Uingereza analipa dola 50 za viza ya kawaida ya kuingia Tanzania. Tatizo lilikuwa tiketi za ndege na mtoto wa miezi minne, pamoja na likizo ya uzazi iliyokuwa inaishia. Kwa jirani yetu wa Ligula, aliyenyimwa mara mbili na hana shamba wala ajira ya kuonyesha, nilimshauri hivyo bila kuzunguka, na walikuja Desemba.

Kwa Uingereza alama za vidole zinachukuliwa kila unapoomba, kwa hiyo ombi la pili ni safari ya pili ya Dar es Salaam. Kwa Schengen, vidole vilivyochukuliwa vinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, hivyo uliza kituo kabla ya kukata tiketi kama ni lazima uende mwenyewe. Kutoka Mtwara ni kilomita 560 hivi, kutoka Lindi mia moja pungufu, na wote tunapita barabara ileile ya Kilwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ziliikata upande wa Somanga na magari yakalala njiani. Usipange miadi ya Jumatatu asubuhi kwa basi la Jumapili, hasa kati ya Machi na Mei. Mama alitangulia siku tatu, akalala Mbagala kwa binamu yake, na siku yenyewe alifika kituoni saa moja asubuhi, mlango haujafunguliwa, bahasha yake kaishika mapajani kwa mikono miwili.